Uani Kiseke: Pori la nyuma ya nyumba lilivyogeuka uwanja wa watoto

Ukitoka katikati ya Jiji la Mwanza kwa barabara ya uwanja wa ndege, kisha ukakunja Sabasaba kuelekea Buswelu, utaingia Kiseke kabla daladala haijashusha nusu ya abiria wake. Ni kata ya Manispaa ya Ilemela, yenye vilima, mawe na mabati mapya. Nyumba za uliokuwa mfuko wa pensheni wa PPF, ambao mwaka 2018 uliunganishwa na mifuko mingine kuunda PSSSF, ndizo zilizoupa mtaa mmoja jina ambalo makondakta wanaliita hadi leo: Kiseke PPF.

Kuzunguka nyumba hizo, watu wamejenga za kwao. Mbele utakuta geti la chuma, miti ya ashoki iliyonyooka kama walinzi na sehemu ya kuegesha gari hata kwa asiye na gari. Hapo ndipo mgeni anapopokelewa.

Zunguka nyuma sasa. Kwenye nyumba nyingi utakuta mabaki ya tofali, ndoo iliyopasuka, tairi, rundo la mchanga uliobaki kwenye ujenzi na majani yanayomfikia mtoto kiunoni. Nyuma ni mahali pa kuanika nguo na kutupa kisichojulikana kitupwe wapi. Lakini ukiuliza watoto wanashinda wapi shule zikifungwa, jibu ni hilo hilo: nyuma.

Familia moja ya Kiseke, mama mwalimu na baba fundi umeme, iliishi na uwanja wa namna hiyo tangu ilipohamia. Uani kwao ni kama hatua kumi na tano kwa kumi na mbili, kunateremka kidogo kutoka ukuta wa juu hadi nyuma ya jiko, na katikati kumekaa jabali kubwa kuliko gari dogo. Wana watoto wawili, wa kiume wa miaka saba na wa kike wa miaka mitatu. Bibi yao, mama mzazi wa mwalimu, alihamia kwao kutoka Magu baada ya kufiwa na mumewe.

Msimu wa vuli uliopita, binti mdogo alipimwa akakutwa na malaria mara mbili. Mara ya pili homa ilimpanda usiku, akatapika dawa, na familia ikakesha hospitali. Aliporudi nyumbani, mama yake alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akaangalia dimbwi lililokuwa chini ya jabali. Lilikuwa na wadudu wadogo wanaojinyonganyonga majini. Alikuwa amepita pale kila asubuhi kwenda kuanika nguo.

Akiba yao ilikuwa Sh1.2 milioni, waliyoitenga kwa ajili ya kuweka pevingi mbele ya nyumba. Badala yake wakaamua kumwita mtu wa bustani na kuanza na nyuma.

MTU WA BUSTANI AULIZA HABARI ZA MAJI

Kazi ya kubuni bustani ina wataalamu wake nchini. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kinafundisha ubunifu wa mandhari, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha kilimo cha bustani. Kwa familia ya kawaida, hata hivyo, njia ya kumpata mtu wa namna hiyo ni kumuuliza muuza miche wa kando ya barabara. Ndivyo alivyopatikana dada mmoja mbunifu, aliyefika na futikamba, daftari na viatu vya mvua.

"Shikamoo bibi," alimsalimia mzee aliyekuwa anachambua mboga.

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kutupandia maua?"

"Bado bibi. Kwanza naomba mnionyeshe maji yanapita wapi."

Baba alikuwa amehifadhi kwenye simu picha za bustani za Dubai na Afrika Kusini: kibanda cha mbao, taa za chini, nyasi za kijani zisizo na unyayo. Dada yule aliziangalia zote kwa adabu, kisha akaomba ndoo tano za maji. Alizimwaga moja baada ya nyingine: juu karibu na ukuta, juu ya jabali, na kwenye mlango wa jiko. Akasimama kuangalia maji yanavyotembea.

Maji yaliyomwagwa juu ya jabali hayakuzama. Yaliteleza kama yanavyoteleza kwenye bati, yakajikusanya upande wa chini, pale pale palipokuwa na dimbwi. Ya jikoni yalifuata mfereji uliojichimba wenyewe hadi kwenye mfuniko wa shimo la maji taka. Mfuniko huo ulikuwa na ufa unaopitisha vidole vitatu.

Dada aliinama, akaugonga mfuniko kwa kisigino cha nyundo. Kipande cha zege kikadondoka ndani. Ilichukua muda kidogo kabla hawajasikia kikitua.

"Mama," alisema taratibu, "watoto wanachezea hapa?"

Hakuna aliyemjibu. Gari la mbao la kijana wa miaka saba lilikuwa limeegeshwa juu ya mfuniko huo.

PESA NYINGI KWA KITU KISICHOONEKANA

Usiku ule mume na mke walibishana. Mbunifu alikuwa ameandika kwamba karibu nusu ya akiba iende kwenye mfuniko mpya wa zege lenye nondo, kingo za shimo zilizochakaa, na bomba la kupumulia lenye wavu. Kibanda na taa havikuwamo kabisa.

"Tunamlipa mtu wa bustani atujengee choo?" baba aliuliza.

"Tunamlipa atuonyeshe tulichokuwa hatukioni," mkewe akamjibu.

Hoja ya mbunifu ilikuwa rahisi. Uwanja wa nyuma wenye maua na shimo bovu ni hatari kuliko wenye magugu na shimo bovu, kwa sababu maua yatawavuta watoto watoke nje zaidi. Hewa ya ndani ya shimo la maji taka inaweza kumlevya na kumuua hata mtu mzima anayeingia kuokoa. Ndiyo maana mtu akitumbukia, anayeruka kumfuata bila vifaa mara nyingi huongeza idadi ya waathirika.

Fundi mwashi alimaliza kwa siku tatu. Mfuniko mpya uliachwa juu ya usawa wa ardhi kidogo ili maji ya mvua yasiingie, ukawekewa vishikio vya chuma vinavyohitaji watu wazima wawili kuinua. Mbunifu alikataza usifukiwe kwa udongo wala kupandwa kitu juu yake. Gari la kunyonya maji taka likija, mfuniko uonekane. Mboga hazikai karibu na shimo, na miti yenye mizizi mikubwa hukaa mbali zaidi kwa sababu hupasua kuta.

JABALI LABAKI

Ubishi wa pili ulihusu jabali. Mwanza huitwa jiji la miamba, na mawe yake ya matale yana umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Kwa mwenye kiwanja, umri huo haumpi faida. Jiwe linakula nafasi.

Njia ya kuliondoa inajulikana na kila mkazi. Unarundika kuni au tairi kuukuu juu ya jiwe, unawasha, jiwe linapata moto hadi linapasuka, halafu nyundo inamalizia. Pembeni ya barabara za Mwanza utawaona kina mama wakiponda vipande hivyo kuwa kokoto za kuuza. Baba alikuwa ameshazungumza na kijana wa kuifanya kazi hiyo.

Mbunifu alipinga kwa sababu tatu. Moshi wa tairi una kemikali na vumbi laini linaloingia ndani kabisa ya mapafu, na uani ule umepakana na madirisha ya vyumba vya watoto wa nyumba tatu. Vipande vya jiwe lililopasuka kwa moto vinaweza kuruka. La tatu ndilo lililomgeuza baba: jabali lilikuwa linawavunia maji bure.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Mvua ikinyesha juu ya udongo, sehemu yake inazama hapo hapo. Ikinyesha juu ya jiwe, karibu yote inateleza kwenda chini. Kwa hiyo kipande cha ardhi kilichopo chini ya jabali kinapata mvua yake pamoja na ya jiwe. Ukikiacha kitupu kinakuwa dimbwi la mbu. Ukikichimba, ukakijaza mboji na kukipanda mimea inayopenda maji, kinakuwa shamba lenye maji mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kiwanja, tena bila kuongeza ankara ya MWAUWASA.

Bibi alichota udongo, akausugua kiganjani. "Hii ni luseni," alisema, akitumia jina ambalo Wasukuma huuita udongo wa kichanga unaotokana na mawe. "Maji hayakai. Huu unataka mihogo na karanga. Mkitaka mboga za majani, lazima mlete samadi iliyooza."

Mbunifu aliandika maneno hayo kwenye daftari lake. Kuanzia siku hiyo alimwomba bibi ushauri kabla ya kuchagua mche.

MIMEA ILIYONG'OLEWA KWANZA

Kabla ya kupanda, walitembea uwanja mzima wakihesabu mimea yenye sumu. Wazazi wengi wangeshangazwa na orodha hiyo.

Kwenye ukuta wa juu kulikuwa na mibono kaburi, mmea unaopandwa sehemu nyingi kama ua. Mbegu zake zinafanana na njugu, na mtoto akizitafuna hutapika na kuhara vibaya. Pembeni ya tofali ulikuwa umejiotea mbarika, ambao watu wengine huuita mnyonyo. Mbegu zake zenye madoa huwavutia watoto kama shanga, lakini zikitafunwa zina sumu inayoweza kuua. Kwenye kona kulikuwa na minyaa, ua la asili la maboma mengi ya Usukumani. Minyaa ni kinga nzuri dhidi ya mifugo, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Yote iling'olewa na mtu mzima aliyevaa glavu na miwani. Haikuchomwa moto uani, maana moshi wa mimea ya namna hiyo nao unawasha macho.

Mzazi ambaye mtoto wake ameingiwa na utomvu jichoni amsafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha ampeleke kituo cha afya. Aliyekula mbegu asilazimishwe kutapika, wala muda usipotezwe kumnywesha maziwa. Awahishwe hospitali pamoja na tawi au mbegu ya mmea wenyewe, ili daktari ajue anashughulika na nini.

WALICHOPANDA

Mpango wa mwisho ulikuwa mdogo kuliko picha za kwenye simu. Upande wa juu, chini ya ukuta, walichimba mtaro wa kina cha goti, wakaujaza kokoto ili maji yanayotoka kwa jirani yapite bila kubomoa. Chini ya jabali wakaweka matuta mawili ya mchicha, matembele na chainizi. Maji ya kuoshea vyombo yakaelekezwa kwa bomba hadi kwenye shimo lililojazwa mawe na takataka za jikoni zilizooza, kuzungukwa na migomba mitatu. Migomba inakunywa sana, na mawe yanazuia maji yasituame juu.

Upande wa magharibi ukapandwa mwembe wa kupandikizwa. Mwanza ipo takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, jua la saa tisa alasiri linachoma, na jiwe lililopata moto mchana kutwa linaunguza magoti ya mtoto. Miaka michache ijayo kivuli cha mwembe kitafika hapo. Kwa sasa wamefunga kitambaa kikuukuu cha turubai.

Sehemu iliyobaki, kati ya jabali na mfuniko mpya, ikapandwa ukoka, nyasi ya kawaida inayotambaa na kuvumilia unyayo. Kuvaa viatu kukawa sheria ya nyumba hata hivyo, kwa sababu mabuu ya safura hupenya kwenye ngozi ya miguu iliyo peku. Samadi ilirundikwa na kufunikwa hadi ikaoza kabla ya kugusa tuta. Na bibi alipotaka kumtuma mjukuu akachote maji kwenye kijito kilicho bondeni ili kumwagilia, mama alikataa: mwambao wa Ziwa Victoria una kichocho, na vimelea vyake humwingia mtu akiwa amesimama tu majini.

BUSTANI HAIONDOI MALARIA

Hapa panahitaji ukweli. Muuza miche mmoja alimwambia mama kwamba akizungushia nyumba mchaichai na kivumbasi, mbu hawatasogea. Mimea hiyo ina mafuta yanayochukiwa na mbu, lakini yapo ndani ya majani. Mche uliosimama ardhini hautoi harufu ya kutosha kulinda uwanja. Wameupanda mchaichai kwa ajili ya chai.

Kinachosaidia ni kuondoa mahali mbu anapotagia, na kila aina ya mbu ina mahali pake. Anofelesi, anayeeneza malaria, hupenda maji madogo yaliyo wazi na yenye jua, kama lile dimbwi. Aedesi, anayeeneza homa ya dengue, hupenda tairi, makopo na ndoo. Kuleksi hupenda maji machafu ya mashimo ya choo. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni takriban siku 7 hadi 14, kutegemea joto. Kwa hiyo familia inayokagua uani mara moja kwa wiki na kumwaga kila maji yaliyotuama inawakatisha njiani.

Lakini mbu hajui mpaka wa kiwanja. Nyuma ya ukuta wa familia hii kuna kiwanja kisichojengwa, kina mashimo yaliyochimbwa mchanga, na mwenyewe hapatikani. Mwenyekiti wa mtaa ameelezwa. Mashimo bado yapo. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi nchini, na hakuna matuta ya mchicha yatakayobadilisha hilo peke yake. Binti mdogo bado analala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na akipata homa anapelekwa kupimwa siku hiyo hiyo.

MASIKA YALIPOFIKA

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilinyesha saa kumi alfajiri. Familia nzima ilitoka na tochi kuangalia. Mtaro wa juu ulipitisha maji. Mfuniko ulibaki mkavu. Tuta moja lilivunjika upande, kwa kuwa baba alilipunguza mawe ili apate nafasi ya kiti chake cha kupumzikia. Alilijenga upya Jumamosi bila kusema neno, na bibi naye hakusema kitu ingawa alikuwa na la kusema. Ukoka wa karibu na jabali umekauka, maana joto la jiwe limeushinda. Mbunifu aliporudi kukagua alishauri waweke kokoto laini mahali hapo, waachane na nyasi.

Jabali nalo limepata wenyeji. Mijusi wa mawe, dume akiwa na kichwa chekundu na mwili wa buluu, huja kuota jua saa nne asubuhi. Ni mjusi anayebeba jina la mji huu hata katika vitabu vya sayansi, Agama mwanzae, jina alilopewa mwaka 1923. Hana sumu, anakula wadudu. Kijana wa miaka saba anawahesabu na kuandika idadi nyuma ya daftari la hesabu.

Kwa mzazi asiye na Sh1.2 milioni, sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji pesa. Subiri mvua inyeshe, vaa viatu, zunguka nyuma ya nyumba yako ukiwa na watoto. Angalia maji yanasimama wapi. Geuza kila chombo kinachoweza kushika maji, na tairi litoboe au uliondoe. Gonga mfuniko wa shimo na usikilize; ukiwa na ufa, zungushia uzio hata wa miti leo hii, kabla hujapata pesa ya zege. Waulize watoto majina ya mimea wanayochezea, na ule usioujua muulize mzee wa nyumbani au bwana shamba wa kata.

Maua ni ya mwisho. Kiseke wameanza kuyapanda mwezi huu, mche mmoja mmoja, kwa pesa ya mchicha ambao bibi anawauzia majirani getini.